Theluji imeanguka: mtoto na abebe skii zake mwenyewe

Barua hufika Januari au Februari, ndani ya begi la mtoto au kwenye simu ya mzazi. Siku fulani darasa litakwenda mlimani. Kila mtoto aje na skii, buti, kofia ngumu, glavu, chakula cha mchana na kinywaji cha moto. Mwishoni huwa kuna mstari mmoja ambao mzazi mgeni huupita haraka: mtoto awe na uwezo wa kubeba vifaa vyake.

Kwa familia za Wakongo zilizohamia Norway, kwa Wakenya wa Minnesota, kwa Watanzania walioko Uswisi au Austria, mstari huo ndio wenye kazi. Skii zinaweza kuazimwa. Koti linaweza kupatikana mtumba. Lakini mwalimu mwenye watoto ishirini hawezi kuwabebea wote kutoka kwenye basi hadi chini ya mlima. Mtoto asiyeweza kubeba hubaki nyuma. Akifika, wenzake wamekwisha kupanda lifti mara moja, na yeye anaanza siku akiwa na jasho mgongoni, machozi machoni na vidole vya baridi. Wako watoto walioamua kwamba skii si mchezo wao kabla hawajateleza hata mita kumi. Kilichowashinda hakikuwa mlima, ni maegesho ya magari.

Siku za mapumziko ya familia mambo huwa kinyume. Hapo mzazi ndiye anayegeuka punda. Mabegani jozi tatu za skii, mikononi buti, shingoni miwani ya theluji, na nyuma yake watoto wawili wanaotembea mikono mitupu wakiulizia chokoleti ya moto. Akifika chini ya mlima, baba wa watu hana nguvu wala furaha, na mtoto hajui hata skii zake ni zipi kati ya zile zilizotupwa chini.

Ajabu ni kwamba wazazi hao hao, wengi wao, walilelewa mahali ambapo mtoto wa miaka mitano hubeba. Huko Bukoba, Kakamega au Bukavu mtoto akienda kisimani na dada zake hapewi ndoo ya lita ishirini. Hupewa kidumu cha lita tatu, kisha cha tano, na kila mwaka kidumu kinakua pamoja naye. Kuni nazo haziachwi zikatawanyika mikononi. Hufungwa mzigo mmoja kwa kamba, ndipo zibebwe. Yeyote aliyewahi kufunga mzigo wa kuni ameshaelewa sehemu kubwa ya somo la kubeba skii.

Kilo ngapi ni nyingi?

Kabla ya kumdai mtoto chochote, toa mizani. Jozi ya skii fupi za mtoto wa miaka mitano, pamoja na vishikio vyake, yaani ile mitambo ya chuma na plastiki inayobana buti, huwa na uzito wa kilo mbili hadi tatu hivi. Buti za plastiki ngumu za rika hilo hukaribia kilo mbili. Kofia ngumu haifiki nusu kilo.

Mtoto wa miaka mitano kwa kawaida ana kilo 18 hivi. Madaktari wa watoto wa Marekani, wanapozungumzia begi la shule, hushauri lisizidi asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa mtoto. Kwa kilo 18 hiyo ni kati ya kilo 1.8 na 3.6. Skii si begi, na umbali wa mlimani ni mfupi kuliko wa shuleni, lakini hesabu hiyo inasaidia. Skii peke yake mtoto anaziweza. Buti peke yake anaziweza. Skii na buti mikononi kwa pamoja, hapana.

Kwa hiyo mgawanyo wa busara ni huu: kofia ngumu ikae kichwani, si mkononi. Miwani ifungwe juu ya kofia. Glavu zivaliwe, tena zile zenye kamba ya kuvuka mkononi ili zisipotee zikivuliwa. Kisha mtoto achague au apewe mzigo mmoja, buti au skii, na mkubwa achukue ule mwingine. Wakufunzi wengi hawawapi wanafunzi wachanga fimbo za mikononi, maana huwavuruga, kwa hiyo mzazi asizibebe bure.

Wa miaka mitatu asidaiwe skii. Kofia yake kichwani, glavu zake mikononi, na heshima ya kuambiwa kwamba hivyo ni vyake na yeye ndiye mlinzi wake, inatosha. Mwaka ujao atabeba zaidi.

Skii za nyika, zile nyembamba za kutembelea kwenye tambarare na misituni ambazo Norway ndiyo mapenzi yao, ni nyepesi zaidi na buti zake ni laini kama raba za baridi. Hapo mtoto wa chekechea anaweza kubeba kila kitu mwenyewe bila taabu, na ndiyo maana chekechea za huko huzianza mapema. Mengi yanayofuata yanahusu zile nzito za mlimani.

Kufunga mzigo

Tatizo kubwa la mtoto si uzito. Ni kwamba skii ni mbili, ni ndefu, zinateleza, na zikishikwa vibaya hufunguka kama mkasi. Mtoto akibeba moja kila mkono ataburuta mikia, atajikwaa, atampiga mtu magotini.

Zifundishe hivi. Skii zisimamishwe wima, mikia chini, ncha zilizopinda juu. Pande za chini, zile laini zinazogusa theluji, zitazamane na kugusana. Nyuma ya kila kishikio kuna miguu miwili midogo ya breki, ile inayochomoka chini ili skii isikimbie peke yake ikitoka mguuni. Inua skii moja kidogo hadi breki zake zipite juu ya breki za mwenzake, kisha iteremshe. Breki zitashikana, na skii mbili zitakuwa kitu kimoja. Mtoto wa miaka mitano au sita anaweza kujifunza hili jioni moja sebuleni, akirudia mara tano au sita, na huwa anapenda kile kishindo kidogo cha breki zinapokutana.

Kisha funga. Kuna mikanda midogo ya kunata inayouzwa kwa kazi hii, mmoja karibu na ncha, mwingine karibu na mkia. Usipoipata, ukanda wowote mpana wa kunata utafaa, au hata mpira imara. Mkanda mrefu zaidi, ukifungwa huku na huku, unakuwa mpini, na mtoto anabeba skii zake ubavuni kama mkoba. Wakubwa wenye fimbo hufanya ujanja huo huo kwa kupitisha vitanzi vya fimbo kwenye ncha na mikia.

Mtoto mdogo asiwekwe skii begani. Azikumbatie wima mbele ya kifua kwa mikono miwili, kama anayebembeleza mdogo wake, ncha zikiwa kando ya kichwa ili aone njia. Si mkao wa kupendeza, lakini ni salama: mikia haizunguki nyuma kumpiga mtu, na akichoka anazishusha chini wima, anapumua, anaendelea.

Bega ni la kuanzia miaka saba au minane hivi, mtoto akiwa na kimo. Ncha ziende mbele, vishikio vikae nyuma kidogo ya bega na si juu yake maana vitaumiza, na mkono ubonyeze ncha chini ili mikia iinuke nyuma juu ya vichwa vya watoto wengine. Sheria moja hapa haina mjadala: mwenye skii begani hageuki ghafla. Akiitwa, asimame kwanza, azishushe, ndipo ageuke. Kingo za skii ni za chuma, tena zimenolewa. Uso wa mtoto wa miaka minne uko sawasawa na mikia ya skii za mkubwa anayegeuka kumwitikia mkewe. Wazazi nao wajiangalie. Mara nyingi wenye makosa haya ni wao.

Buti ndizo zinazoangusha watu

Kutembea ndani ya buti za mlimani ni kama kutembea na miguu miwili iliyofungwa hogo. Kifundo hakikunjiki. Mtoto akizivalia kwenye gari, kisha akapewa skii, kisha akaambiwa avuke maegesho yenye barafu, ataanguka, na kwa kuwa mikono imejaa ataangukia uso.

Njia iliyo rahisi zaidi ni kutembea na viatu vya kawaida vya baridi hadi kwenye jengo lililo chini ya mlima, na kuvalia buti hapo, akiwa amekaa, pakiwa na joto. Zikiunganishwa kwa mkanda mmoja, mtoto anaweza kuzibeba shingoni, moja kifuani kushoto na nyingine kulia. Kama hakuna njia ila kuzivaa mapema, bizimu za juu ziachwe wazi hadi afike kwenye theluji, atangulize kisigino, na kwenye ngazi ashike ukingo kwa mkono mmoja. Hiyo maana yake skii hana. Kwenye ngazi, kwenye barafu tupu na mahali magari yanapopita, skii abebe mkubwa. Kujitegemea hakuanzii chini ya magurudumu ya gari linalorudi kinyumenyume.

Buti zisilale ndani ya gari usiku. Plastiki ikipoa hukakamaa, na asubuhi mtu mzima na mtoto watalia pamoja mguu ukikataa kuingia. Zilale ndani ya nyumba.

Na hapa lipo kosa linalowahusu hasa wazazi waliotoka nchi za joto: soksi. Mapenzi humfanya mama amvalishe mtoto jozi tatu. Soksi nyingi hujikunja, hubana damu, huleta malengelenge, na mguu unapata baridi zaidi. Ni jozi moja tu, nyembamba, ndefu hadi chini ya goti, na suruali ya ndani isiingizwe kwenye buti.

Kosa la pili ni lile la sare ya shule. Nyumbani mtoto hununuliwa sare ya kukulia, mikono ikikunjwa mara mbili hadi darasa la tatu. Suruali ya theluji ya kukulia haina neno. Buti ya kukulia ni balaa: mguu unacheza ndani, mtoto hawezi kuiongoza skii, na kutembea kunakuwa kugumu maradufu. Saizi za buti hizi hupimwa kwa sentimita za mguu, kwa hiyo pima mguu wa mtoto akiwa amesimama, kisigino ukutani. Skii nazo, kwa anayeanza, zifike kati ya kifua na kidevu. Zikimpita kichwa hatazibeba wala hatazigeuza.

Zikirithiwa kutoka kwa kaka au dada, au zikinunuliwa kwa jirani, zipelekwe kwa fundi wa duka la skii azirekebishe vishikio. Kishikio hupangwa kulingana na uzito, kimo, umri na uwezo wa mtoto, na urefu wa soli ya buti, ili kiachie mguu anapoanguka. Kilichopangwa kwa kaka wa kilo 30 hakitamwachia mdogo wa kilo 17. Hili si jambo la kukisia kwa bisibisi jikoni.

Kwa wenye mfuko mwembamba njia zipo. Norway kuna BUA, mtandao wa vituo vinavyoazima vifaa vya michezo bure, skii zikiwemo. Miji mingi ya nchi za theluji hufanya masoko ya kubadilishana vifaa vya watoto msimu ukikaribia, na maduka mengi hukodisha seti nzima kwa msimu mmoja, jambo linalomfaa mtoto anayekua kila mwezi. Kofia ngumu pekee isinunuliwe kwa mtu usiyemjua. Iliyokwisha kugongwa inaweza kuwa imeharibika ndani bila alama.

Zoezi kabla ya theluji

Mtoto asijifunze kubeba siku ya safari. Siku hiyo kuna haraka, kuna baridi, kuna basi. Wiki moja kabla, toa vifaa sebuleni. Mwache avigusieguse, avae kofia ngumu akila chakula cha jioni akitaka, afunge na kufungua mikanda. Kisha safari fupi: kutoka sebuleni hadi mlangoni, kesho yake hadi kwenye lifti ya jengo, keshokutwa kuzunguka nyumba. Zikidondoka, mwache aziokote. Mzazi anayekimbilia kuokota kila mara anamfundisha mtoto kudondosha.

Orodha ya karatasi haimfai asiyesoma. Mkono unamfaa. Kidole gumba ni kofia, cha shahada ni miwani, cha kati ni glavu, cha pete ni buti, cha mwisho ni skii. Kabla ya kutoka mlangoni anahesabu, akitoka kwenye gari anahesabu, baada ya chakula cha mchana anahesabu tena. Vifaa vya kukodi hufanana kama mayai, kwa hiyo bandika utepe wa rangi aliyoichagua mwenyewe kwenye skii zote mbili, buti na kofia, na jina juu yake. Walimu wa chekechea watakushukuru.

Maneno nayo yana uzito wake. "Ukishindwa niambie" humwandaa mtoto kushindwa. "Zibebe hadi kwenye ule mti, halafu tupumzike" humpa mahali pa kufika. Njia igawanywe vipande: hadi mti, hadi bango, hadi benchi. Anapokuwa mbogo kweli kweli, akakaa kwenye theluji na kutangaza kwamba hana miguu, si wakati wa hotuba. Mara nyingi ana njaa au glavu imelowa. Mpe kitu cha kutafuna, badili glavu, chukua skii moja, mwachie moja. Bado anabeba chake.

Safari ya kurudi ndiyo inayosahaulika. Asubuhi mtoto ana nguvu. Saa tisa alasiri amekwisha. Panga kabisa kwamba kurudi mkubwa atabeba zaidi, au beba sleji ya plastiki yenye kamba, skii na buti zilale juu yake, na mtoto avute. Kuvuta kwenye theluji ni kazi nyepesi, na watoto huiona ni mchezo. Mtoto mwenye pumu au udhaifu wa misuli naye anapata sehemu yake kwa njia hiyo.

Kuna pia mjadala wa kifamilia, hasa bibi akiwa amekuja kutembea kutoka nyumbani. Yeye anaona mjukuu wa miaka mitano amekumbatia mbao ndefu kumshinda kwenye baridi ya kuua, na wazazi wanatazama. Shikamoo zake huwa fupi siku hiyo. Mkumbushe kidumu cha lita tatu, kwa adabu, kisha mpe yeye kazi ya kubeba chupa ya chai. Ugomvi huisha mapema zaidi mtoto mwenyewe akimwonyesha bibi jinsi breki zinavyoshikana.

Na mzazi asiyejua skii asione haya. Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya, aliiona theluji kwa mara ya kwanza mwaka 1996 alipopelekwa Finland kujifunza, tayari akiwa mtu mzima. Miaka miwili baadaye aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Nagano, mbio za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri kwenye mstari wa kumalizia amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Miaka 20 baadaye, Pyeongchang 2018, Kenya iliwakilishwa na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, ambako watoto hutembea na skii mkononi tangu chekechea. Wazazi wengi watabaki upande wa Boit, watoto watakuwa upande wa Simader, na si ajabu mtoto wa miaka sita akamfundisha babaye namna ya kufunga breki.

Jioni mkifika nyumbani kazi haijaisha, na sehemu yake ni ya mtoto. Skii zipanguswe kwa kitambaa kikavu, hasa kingo za chuma, maana zikilala na maji zitashika kutu. Zisimame kwenye kona, zimefungwa mkanda. Sehemu laini ya ndani ya buti itolewe ikiwa imelowa, au ijazwe magazeti ya zamani yanyonye unyevu, na zikae karibu na joto lakini si juu ya hita, kwani plastiki hupinda. Bizimu zifungwe kidogo zikishakauka ili buti isipoteze umbo. Glavu zitundikwe vidole juu. Kisha mkono mmoja unyooshwe, vidole vitano vihesabiwe, na kama kidole cha glavu kimebaki bila jibu, mtu akaangalie ndani ya gari kabla halijafungwa.